Bibi wa Dirishani

3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Ukinipigia huwa nasema "ndiyo," nasema "hapana," halafu nampa Mama simu, na wewe unamwambia, "Huyo Kobe wako leo kaongea maneno mawili, mpe zawadi." Karatasi angalau siwezi kumpa mtu mwingine anishikie. Ukinijibu, tafadhali tumia anwani ya shule. Mama asiione hii.

Nimefanya jambo baya, na sasa limekua.

Unakumbuka lile daftari la jalada la kijani nililokuwa nalo Bibi alipoumwa? Nilikuwa nakaa sakafuni chini ya dirisha lake, yeye kwenye kiti na ushonaji wake, na kila neno la lugha yenu lililonipita niliandika. Nasema "lugha yenu" kwa sababu mimi naielewa tu. Shuleni nasoma kwa lugha mbili na zote mbili napata alama nzuri, lakini hii ya Bibi ikifika kooni inakaa hapo hapo. Na Mama hajaitamka tangu mazishi ya Bibi. Miaka miwili sasa. Nikimuuliza maana ya neno ananiambia, "Kunja nguo kwanza," na nikimaliza kukunja ameshaingia zamu.

Mwaka jana niliona mtandaoni kundi la watu wa lugha yenu. Wako kama sitini, wengi wako mbali na kwao, wanaulizana maneno waliyoyasahau. Ili uingie lazima uandike jina. Niliona haya kuandika langu, nikaandika "Bibi wa Dirishani." Nilitaka kusoma tu, nakuapia. Halafu mtu mmoja akauliza ile salamu ya zamani, ile Bibi aliyokuwa akimtupia kila aliyepita chini ya dirisha: "Nimekuona." Na mpita njia hawezi kuondoka mpaka ajibu, "Nami nimeonekana." Wengine walikumbuka mwanzo, wengine mwisho, hakuna aliyekuwa nayo nzima. Mimi ninayo, ukurasa wa kwanza wa daftari. Nikaiandika.

Mjomba, waliniamkia. Mmoja baada ya mwingine: "Shikamoo Bibi." Nami nikajibu "marahaba."

Tangu siku hiyo mimi ni bibi. Wananiuliza maneno, natafuta daftarini, najibu. Wananiuliza na mengine. Dada mmoja aliuliza kama amrudie mumewe. Nilimwambia alale kwanza, maana ndivyo Bibi alivyomjibu kila mtu kwa kila jambo. Na kuna mzee mmoja, fundi saa, ananiandikia pembeni, mimi na yeye tu. Mkewe anaumwa. Anasema inampunguzia mzigo kuongea na mtu wa rika lake.

Nina miaka kumi na sita.

Sasa kundi linahama. Pale tulipo ni pa kuazima, na maandishi ya zamani yanafutika yenyewe. Muuguzi, yule mama aliyelianzisha, anataka tuwe na tovuti yetu, na tovuti lazima iwe na jina ambalo mtu ataliandika ili afike. Wataalamu wanaliita kikoa: herufi ndogo tupu, maneno yote yameshikana. Kila mtu alete jina moja, na wanalisubiri la Bibi kuliko yote. Wewe umeandika majina ya maduka miaka thelathini. Nisaidie. Nataka niwape jina zuri, kisha Bibi anyamaze taratibu mpaka wamsahau, na mimi nibaki nikisoma tu kama nilivyokuwa nimekusudia.

Mpwa wako,
Kobe

11 Machi

Kobe,

Marahaba. Barua yako nilianza kuisoma juu ya ngazi nikaona nishuke. Pale kwenye "alale kwanza" nilicheka mpaka mwenye duka akatoka kuangalia kama nimedondoka. Huyo ni Mama yangu mwenyewe, nilimsikia. Halafu nikafika kwa fundi saa, kicheko kikakatika. Hilo nitalirudia. Kwanza jina, maana ndilo uliloniuliza.

Mtu hunijia na jina refu la kujisifu. Kinyozi wa hapa mtaani alitaka "Kinyozi Maridadi wa Kimataifa." Nikamwandikia, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, kazi ya siku mbili. Mpaka leo watu wanasema "kwa yule mwenye kikohozi." Tangu hapo sipaki rangi kabla ya chaki. Jina naliandika kwa chaki ukutani kwangu, naliacha siku tatu, nakaa ndani nasikiliza. Watu wakilisoma kwa sauti wakipita, nalipaka. Wakikwama katikati, nalifuta na mteja nampigia simu.

Kwa hiyo nimekwisha kuanza. Umesema herufi ndogo tupu, maneno yote yashikane, hakuna rangi, hakuna picha ya mkasi. Sasa mtu atajuaje kama ni kinyozi au muuza sabuni? Lakini sawa, kila kazi na masharti yake.

Nimepanga matatu. La kwanza "hazinayalughayetu." Mwanafunzi mmoja aliishia "hazinaya," akaniuliza kama ni dawa ya tumbo. La pili "urithi." Linasomeka, ila mtu mmoja alisimama akauliza ni mirathi ya nani na wamegombana nini. La tatu nimelitoa kwako mwenyewe, "dirishani." Hilo wanalisoma bila kupunguza mwendo, halafu wanainua macho kutafuta dirisha. Nimelipenda hilo. Yatakaa ukutani mpaka mwisho wa wiki.

Sasa hili la Bibi kunyamaza taratibu. Mama yangu ulimzika pamoja nasi, ulisimama karibu na mimi, uliushika mkono wangu. Unataka umzike mara ya pili, na safari hii peke yako na kwa uongo? Fikiria hilo ukiwa umekaa.

Mjomba wako,
mwenye ngazi

17 Machi

Mjomba,

Futa. Tafadhali ukiipata hii futa kabla hujanywa hata chai.

Kosa ni langu, sikukueleza. Jina la tovuti ni la yule anayewahi kulisajili. Likiwa ukutani, mtu yeyote anayepita na simu mfukoni anaweza kulichukua kabla yetu, na ndiyo imekwisha. "Urithi" limeshachukuliwa zamani, nimeangalia, ni la mtu anayeuza makochi.

Na kuna jambo la ajabu. Ijumaa, kabla sijapeleka jina lolote, Muuguzi alipeleka lake. Aliandika, "Napendekeza dirishani, kwa heshima ya Bibi yetu, aliyetufungulia." Wewe na yeye mmewaza neno moja, na hata hamjuani. Nilisoma nikiwa darasani, simu chini ya dawati. Watu arobaini na mmoja wamekubali. Watano wamekataa, na mmoja wao hoja yake ni kwamba si kila mtu ana dirisha.

Wangeishia hapo ningevumilia. Lakini Muuguzi ameongeza kwamba tovuti isajiliwe kwa jina la Bibi, awe ndiye mwenyewe. Fomu inataka jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na kitambulisho cha mtu mzima. Na Jumamosi tarehe tano Aprili wote tutakutana kwa sauti, kila mtu na simu yake, na Bibi ndiye atakayefungua kwa ile salamu. Kwa mdomo. Mjomba, mimi mdomo huo sina. Nikiwa peke yangu bafuni na maji yamefunguliwa bado siwezi.

Nimewaza kusema simu imeharibika. Nimewaza kusema Bibi amepatwa na kiharusi, nikaogopa kuandika. Nimewaza hata kukuomba kitambulisho chako, wewe uwe Bibi. Usicheke.

Wanataka kuita mahali hapo kwa uongo wangu. Kila atakayefika atakuwa ameupitia mlangoni.

Kobe

24 Machi

Kobe,

Nimefuta, kwa kitambaa kibichi, mara mbili. Ukitazama kwa pembeni bado linaonekana, chaki ina tabia hiyo. Usiwe na wasiwasi wa mwizi. Nina sababu za kusema hivyo, ila si zangu kuziandika.

Kitambulisho changu hupati. Sura iliyomo ina masharubu, bibi gani huyo.

Nimekuwa na kazi ya kibao cha zahanati, mitaa miwili kutoka kwangu. Aliyekuja kuniagizia ni mwanamke aliyevaa sare nyeupe, anatoka zamu, anaongea lugha ya kwetu vizuri kuliko mimi. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu hadi nikamtolea kigoda. Tuliongea. Siku hiyo niliandika herufi moja mara mbili kwenye kibao cha mtu, mimi, baada ya miaka thelathini. Basi nikafanya inavyopaswa kufanywa, na hiyo ndiyo sehemu ninayotaka uisome vizuri.

Rangi ya mafuta ikikosewa, wanafunzi wangu wote hukimbilia kupaka nyingine juu yake. Ya chini bado mbichi, ya juu inapasuka, na baada ya mwezi kosa linaonekana kuliko lilivyokuwa. Dawa ni kukwangua mpaka kwenye mbao. Inachosha na mikono inanuka tapentaini siku nzima, ila ukimaliza una ubao.

Kwangua. Na uanze na fundi saa, kabla ya wale wengine wote. Hao uliwapa maneno ya kweli kwa jina la kuazima. Yeye alikupa mke wake.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba,

Nimekwangua.

Jumapili mchana Mama alikuwa kazini. Nilimwandikia fundi saa: "Mimi si bibi. Ni mwanafunzi, nina miaka kumi na sita, bibi yangu alishafariki. Uliponieleza habari za mke wako nilikuwa nasoma nikiwa na sare ya shule. Niliogopa kukuambia, kisha nikaogopa zaidi. Samahani." Nilitaka kuongeza mengi nikaona kila ninachoongeza ni rangi juu ya rangi. Nikatuma. Alama za kusomwa zilitokea pale pale. Nikasubiri. Baada ya dakika kumi hivi kundini kukatokea mstari ule mdogo wa kijivu: Fundi Saa ametoka kwenye kundi.

Hapo nilitaka kuacha. Lakini nilikuwa nimeshaanza, nikaandika kwa wote, maneno karibu yale yale, na kwamba wasipaite mahali pale "dirishani" kwa ajili yangu. Kisha nikazima simu, nikaiweka kwenye kopo la Bibi la nyuzi, kopo nikaliweka kwenye droo, na juu yake nikapanga shuka.

Leo ni siku ya tatu. Sijui wamesema nini. Sitaki kujua na nataka kujua. Mama ameniuliza kama nimepoteza simu, nikamwambia iko, akasema, "Basi mbona nyumba imenyamaza hivi?" Sikuwahi kujua kwamba nikiandika huwa nacheka kwa sauti.

Wewe unaniita Kobe na mimi sikasiriki. Lakini pale kundini, Mjomba, nilikuwa naongea. Mahali pengine popote sijawahi kuongea hivyo. Jumamosi watakutana, mimi sitakuwepo.

Kama unataka kunijibu kwa utani, subiri kidogo.

Mpwa wako

7 Aprili

Kobe,

Mjomba wako ndiye aliyenipa jina hili na anwani ya shule. Usimgombeze, nilimkalia dukani mpaka akachoka. Mimi ndiye Muuguzi.

Simu yako imezimwa, kwa hiyo nakuandikia kama zamani. Nitakueleza kwa mpangilio, maana nadhani umekaa huko ukijitungia mabaya.

Nilijua wewe si bibi tangu Novemba. Bibi gani haandiki kabla ya saa kumi alasiri siku za kazi? Bibi gani anapotea wiki mbili za mitihani, kisha anarudi siku ile ile shule zinapofungwa, ana nguvu, anajibu maswali kumi na tano kwa mkupuo? Nilidhani ni mwalimu. Kisha mwezi uliopita, natoka zamu, nikaona ukuta wa mwandika mabango umeandikwa "dirishani." Nikaingia, nikamuuliza kama anamfahamu Bibi wa Dirishani. Alikuwa ameshika brashi. Alisema, "Alikuwa mama yangu," akarudia herufi aliyokwisha kuiandika. Hilo "alikuwa" lilinitosha kujua kwamba bibi mwenyewe hayupo.

Sasa langu la kukiri. Jina lile nililichukua ukutani kwa mjomba wako, sikuliwaza mwenyewe. Na lile la kusajili kwa jina lako, na la wewe kufungua kwa sauti, niliyapanga makusudi. Nilitaka ujikute huna pa kupita useme ukweli. Nimelea watoto watatu na bado sikujua kwamba mtoto hasukumwi hivyo. Naomba radhi.

Jumamosi tulikutana. Tulikungoja nusu saa, hatukufungua. Watu walisema mengi. Mmoja amekasirika kwamba alimwamkia mtoto mwaka mzima, anataka zile shikamoo zake zirudishwe. Yule dada uliyemwambia alale, alilala, akaamka akaona harudi kwa yule mwanamume, na anakusalimu. Wengine wengi wakaanza kuulizana nani ana nakala ya maneno yako kabla hayajafutika.

Jina limebaki dirishani. Tulipiga kura upya, wakijua kila kitu. Limesajiliwa kwa jina langu kwa kuwa lazima awe mtu mzima, na utakapofikisha kumi na minane tutaongea. Chini ya ukurasa wa kwanza kuna nafasi imeandikwa "Mtunza daftari," mbele yake patupu. Hapo juu pana nafasi ya sauti, ya ile salamu. Usitafute sauti ya bibi. Ukikosea tutakurekebisha, ndiyo maana tumejenga.

Fundi Saa hajarudi. Aliniandikia swali moja tu: je, huyo bibi alikuwepo kweli, au naye alitungwa? Nilimwambia jibu hilo si langu.

Muuguzi

21 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Utani unaruhusiwa sasa.

Nilimwandikia Fundi Saa kurasa tatu, kwa mkono, nikazipiga picha. Sikuomba tena radhi. Nilimweleza kiti, mguu wake mfupi uliowekewa kipande cha kadibodi. Nilimweleza jinsi Bibi alivyokuwa akitunga uzi kwenye sindano bila miwani kwa kiburi tu, na jinsi alivyomtupia salamu msoma mita za maji, yule kijana asiyejua lugha, akasimama pale hajui afanye nini mpaka wewe ukamfundisha jibu. Nilimweleza hata siku aliponiambia nikae kimya kwa sababu anasikiliza kivuli kikihama.

Alikaa siku sita. Hakuandika "nimekusamehe." Alituma maneno matatu ambayo hayamo daftarini, na maana zake. Moja ni la saa iliyosimama na wewe bado unaisikia. Nimeyaandika yote kwa wino.

Kisha nikabaki na sauti. Jumamosi alasiri nilikaa sakafuni chini ya dirisha letu, hili linalotazama ukuta wa jirani na kamba za nguo, nikashika simu. Mara kumi na moja, Mjomba. Mara ya kwanza nilinong'ona, mara ya nne nikakohoa kama yule kinyozi wako. Ya kumi na mbili nikajisemea, basi, hata jirani asikie, nikaitoa yote.

Mama alikuwa anapita ukumbini na beseni la nguo.

Hatua zikasimama. Nilidhani ataniita nikazianike. Nikasikia beseni linawekwa chini, halafu nikasikia jibu. Kwa lugha yenu, Mjomba, kwa ile sauti ambayo sijaisikia miaka miwili. "Nami nimeonekana." Nilipogeuka alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono wenye povu, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyejibu.

Maji yalikuwa yamemwagika mpaka kwenye goti langu. Kisha akasema, "Mwanzo umeuvuta mno. Rudia."

Nikarudia.

Nilimwonyesha daftari, nikamweleza yote, hata wewe na kitambulisho chako. Alisoma ukurasa wa kwanza mpaka wa nne akiwa amesimama. Nilimuuliza neno moja la ukurasa wa nne ambalo sikuwahi kupata maana yake. Akasema, "Kunja nguo kwanza." Halafu akavuta kigoda na zile nguo za jana zilizokauka, akaanza kukunja pamoja na mimi, na kabla hatujafika kwenye mashati alikuwa ameshanieleza hilo neno na mengine mawili yanayofanana nalo.

Simu ilikuwa inarekodi muda wote. Nilimuuliza kama naweza kuituma vile vile ilivyo, akafikiri, akasema ikatwe pale nilipolia. Nimekata. Kilichobaki ndicho kilicho kwenye ukurasa wa kwanza: mimi, kimya kidogo, beseni, na Mama. Muuguzi amejaza ile nafasi ya chini. Nilimwambia aandike Kobe.

Ukuta wako sasa unaweza kupata rangi. Mama anasema uweke kivuli cheusi kwenye herufi, na usidai malipo.

Tafuta mtu mwenye simu kubwa akufungulie. Andika dirishani, herufi ndogo, kama ulivyoiandika wewe. Ukisikia salamu, usiondoke kabla hujajibu.

Mpwa wako,
Kobe, mtunza daftari